Yai Lililovuka Bahari ya Hindi

Desemba 1992, watoto watatu wa shule walikuwa wakicheza kwenye vilima vya mchanga karibu na mji mdogo wa Cervantes, pwani ya magharibi ya Australia. Wakaona kitu cheupe cha mviringo kimejitokeza mchangani. Wakafukua. Lilikuwa yai, zima, kubwa mno hata mtoto akilibeba hana budi kulikumbatia. Mbuni hatagi yai la ukubwa huo, wala ndege mwingine yeyote aliye hai leo. Wataalamu walipolichunguza wakatambua kwamba lilitoka Madagaska, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, na kwamba umri wake ni kama miaka 2,000. Maji yalilichukua, likaelea na mikondo ya bahari maelfu ya kilomita, likatupwa ufukweni, mchanga ukalifunika. Serikali ya jimbo iliwapa watoto wale dola 25,000 za Australia, na yai likaingia makumbusho.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Tanga, na somo la wanyama waliotoweka huwa naanza na kisa hiki. Nakipenda kwa sababu waliogundua ni watoto, na kwa sababu bahari yenyewe ni hii hii yetu. Mtoto wa Tanga akisikia habari za wanyama wa ajabu wa kale, mawazo yake hukimbilia Marekani, kwa dainosari wa kwenye televisheni. Nataka ajue kwamba ndege ambaye huenda ndiye aliyekuwa mzito kuliko ndege wote duniani aliishi jirani, kwenye kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini na ambako majahazi yao yalikwenda na kurudi.

Ndege huyo huitwa ndege tembo. Mwaka 2018 watafiti wawili kutoka London, James Hansford na Samuel Turvey, walipima mamia ya mifupa yake iliyotawanyika katika makumbusho ya nchi mbalimbali. Wakakadiria kwamba wale wakubwa kabisa walikuwa na kimo cha mita 3 na uzito wa wastani wa kilo 650. Huo ni uzito wa mbuni watano wazima. Darasani kwangu mita 3 zinafika juu ya ubao, karibu na dari. Nafunga chaki kwenye mpini wa ufagio, nachora mstari ukutani, kisha nawaambia wanafunzi waje wasimame chini yake, mmoja mmoja. Hapo ndipo kelele huanza.

Halafu naleta ndoo ya lita 10. Yai kubwa la ndege tembo lilikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 30, na ujazo wake ulikaribia ndoo hiyo. Ili kupata ute na kiini cha kulijaza ungehitaji mayai ya kuku kama 150, yaani trei tano. Wanafunzi wangu hupiga hesabu wenyewe bila kuambiwa: chipsi mayai sahani moja ni mayai mawili, kwa hiyo yai moja la ndege tembo ni sahani 75, darasa zima linakula na mwalimu mkuu anabakishiwa. Ganda lake lilikuwa na unene wa milimita 3 hadi 4. Kuku akikanyaga yai lake huweza kulivunja. Ganda la ndege tembo lilibeba uzito wa mtaga bila kupasuka.

Maswali hayakawii. Alikuwa anang'ata? Hapana, ndege huyu hakuwa na meno, na hakuwinda mtu wala mnyama. Alikula majani na matunda. Alikuwa anapanda mtini? Hapana. Na lile swali ambalo darasa lote hulingojea: sasa huyu ni ndege gani, kama haruki?

Kuruka kunakula nguvu nyingi. Misuli ya kidari lazima iwe minene, mwili uwe mwepesi, na chakula kisikatike. Ndege hulipa gharama hiyo kwa sababu hewani yuko salama na anafika penye chakula. Akiishi mahali pasipo na chui wala mbwa mwitu, na chakula kiko chini miguuni mwake, gharama hiyo haina faida. Kizazi baada ya kizazi mbawa hupungua, miguu hunenepa, mwili huongezeka. Nawaambia watoto wakila kuku nyumbani wautazame mfupa wa kidari. Katikati umesimama ubao mwembamba wa mfupa, kama mkuku wa jahazi, na misuli ya kurukia hushikizwa hapo. Mbuni hana ubao huo, kidari chake ni bapa. Ndege tembo naye ni hivyo hivyo. Moa wa Nyuzilandi, nitakayemfikia baadaye, alikwenda mbali zaidi: kwenye mifupa yake hakuna hata kijifupa kimoja cha bawa.

Kwa muda mrefu watu walidhani ndege tembo ni ndugu wa karibu wa mbuni. Wote wakubwa, wote hawaruki, na Afrika iko hapo karibu. Mwaka 2014 vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa yake vikaonesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa aliye hai ni kiwi, ndege wa Nyuzilandi mwenye ukubwa kama wa kuku, anayetembea usiku na kunusa wadudu ardhini kwa pua zilizo kwenye ncha ya mdomo. Kati ya Madagaska na Nyuzilandi kuna zaidi ya kilomita 10,000 za bahari. Ndege wasioruka hawakuvuka maji yote hayo kwa miguu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba babu yao alikuwa na mbawa zinazofanya kazi, kizazi chake kikaruka kikasambaa, na kila tawi likaacha kuruka lenyewe, kwa wakati wake, mahali pake.

Undugu huo na kiwi umenisaidia kufundisha jambo jingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Christopher Torres na Julia Clarke, walipiga picha za ndani ya mafuvu ya ndege tembo ili kujua umbo la ubongo wake. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona ilikuwa ndogo sana, karibu haipo, kama ilivyo kwa kiwi. Wakahitimisha kwamba huenda ndege tembo alitembea usiku, haoni vizuri, akiongozwa zaidi na harufu. Siku ya somo hilo naleta machungwa ya Muheza, karafuu, mchaichai na majani ya mwarobaini. Wanafunzi hufumba macho, wananusa, wanataja. Kisha nawaomba wafikirie mnyama mwenye kimo cha kufika darini akitembea gizani msituni, akitafuta tunda lililoanguka kwa kulinusa. Picha hiyo ni tofauti kabisa na ile ya zimwi wanayokuja nayo kutoka kwenye katuni.

Mazimwi yenyewe yana historia. Watoto wengi wa pwani wamesikia habari za Sindbad Baharia na ndege Rukh, anayewalisha makinda yake tembo. Marco Polo, msafiri wa Venezia, aliandika karne ya 13 kwamba ndege wa namna hiyo anaishi visiwa vya kusini ya Madagaska, na kwamba humnyanyua tembo kwa kucha zake na kumwachia aanguke. Yeye mwenyewe hakufika huko, alisimuliwa. Akaongeza kuwa mjumbe wa mfalme Kublai Khan alileta unyoya wake. Wasomi wengine hudhani lilikuwa jani kubwa la mwale, mti unaoota kwa wingi Madagaska. Inawezekana kabisa kwamba mabaharia waliona yale mayai makubwa, wakajiuliza mama yake ana ukubwa gani, wakampa mbawa kwa sababu hawakuweza kumfikiria ndege asiye nazo.

Aliyeandika kwa utulivu zaidi ni Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa aliyekaa kusini mwa Madagaska kuanzia 1648 hadi 1655. Katika kitabu chake cha 1658 anamtaja vouronpatra, ndege mkubwa wa nchi ya Ampatres, anayetaga mayai kama ya mbuni na anayetafuta mahali pasipo na watu ili asikamatwe. Ni maneno machache tu, na mimi nayaamini kuliko hadithi zote za tembo kunyanyuliwa angani. Yanamweleza mnyama mwoga aliyekwisha kufundishwa na maisha kumkimbia binadamu.

Baada ya hapo kimya, karibu miaka 200. Mwaka 1850 nahodha Mfaransa aitwaye Abadie alimwona mwenyeji wa Madagaska akitumia ganda kubwa la yai kama chombo. Akatafuta mengine, mayai na vipande vya mifupa vikapelekwa Paris, na mwaka 1851 mwanasayansi Isidore Geoffroy Saint-Hilaire akampa ndege huyo jina la kitaalamu, Aepyornis maximus. Miaka zaidi ya 100 baadaye, 1960, mtangazaji wa Uingereza David Attenborough alifika kusini mwa kisiwa hicho kurekodi filamu. Aliomba vipande vya maganda, vikaletwa vingi, na mvulana mmoja akaja na vipande vikubwa vilivyokuwa vya yai moja. Attenborough aliviunganisha kwa mkanda wa kunatisha hadi yai zima likasimama mbele yake. Lilipopimwa umri baadaye, lilionekana kuwa la karne ya 7.

Sasa moa. Hapa huwa natumia vipindi viwili badala ya kimoja, kwa sababu kisa cha moa kinajulikana kwa undani kuliko cha ndege tembo.

Mwaka 1839 mtaalamu wa mifupa wa London, Richard Owen, aliletewa kipande cha mfupa kutoka Nyuzilandi, urefu wake kama sentimita 15, kimevunjika kote kuwili. Alikitazama, akalinganisha na mifupa mingine, akatangaza kwamba Nyuzilandi kulikuwa na ndege mkubwa wa jamii ya mbuni. Kwa kipande kile tu! Mwaka 1843 masanduku ya mifupa yakawasili, na ikaonekana kasema kweli.

Walikuwako moa wa aina tisa. Wadogo walikuwa kama bata mzinga, wakubwa walikuwa na mgongo wa mita 2 kutoka ardhini, na wakinyoosha shingo waliweza kufika majani yaliyo zaidi ya mita 3 juu. Jike kubwa lilikuwa na uzito wa takriban kilo 250. Dume lake lilikuwa dogo sana kando yake, hata wataalamu waliwaweka kwenye aina mbili tofauti mpaka vinasaba vilipowaunganisha mwaka 2003. Mume na mke walikuwa wamekaa kwenye kabati tofauti za makumbusho kwa zaidi ya karne. Vinasaba vilivyopatikana kwenye uso wa nje wa maganda ya mayai vikaonesha pia kwamba waliokuwa wakiatamia, angalau kwa baadhi ya aina, ni madume. Wasichana darasani hulipenda sana jambo hili, na mimi huwaacha walifurahie.

Moa alimeza mawe ya kusagia chakula katika firigisi yake, kama kuku anavyomeza changarawe, ila ya moa mkubwa yalikuwa na uzito wa kilo kadhaa. Leo mawe hayo hupatikana yamelundikana katikati ya mifupa, laini kwa kusuguana. Adui yake alitoka angani: tai wa Haast, mwenye uzito wa hadi kilo 15 na mbawa zilizokaribia mita 3 zikikunjuliwa. Huyo aliwinda moa, na moa walipokwisha naye akaisha.

Waliishaje? Mababu wa Wamaori walifika Nyuzilandi kwa mitumbwi mwishoni mwa karne ya 13. Kufikia katikati ya karne ya 15 hapakuwa na moa tena. Miaka 150 hivi. Watu wenyewe walikuwa wachache, hawakuzidi elfu chache katika visiwa vyote vile. Vinasaba vya mifupa vinaonesha kwamba kabla ya watu kufika moa hawakuwa wakipungua. Hawakuwa wagonjwa wala wazee wa dunia waliongoja kufa. Mwaka 1939, mahali paitwapo Wairau Bar, mvulana wa miaka 13 jina lake Jim Eyles alifukua kaburi la kale, na ndani yake mlikuwa na yai la moa lililotobolewa tundu, chombo alichozikwa nacho marehemu. Uchimbaji uliofuata ulikuta mifupa ya moa kwa wingi mno, mabaki ya milo.

Sipendi vitabu vinavyowaita ndege hawa wajinga au wazito wa akili. Mtoto akisoma hivyo anatoka na fundisho kwamba aliyetoweka alistahili kutoweka. Moa alijua kila alichohitaji kujua kwa mamilioni ya miaka. Tatizo lilikuwa uzazi wake. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi au zaidi ndipo aatamie, na vifaranga wake huwa wakubwa ndani ya miezi. Moa alitaga yai moja au mawili, na kinda wa baadhi ya aina alihitaji karibu miaka 10 kufikia utu uzima.

Nachora duara 20 ubaoni, jozi 10 za ndege, na chini ya kila jozi yai moja. Wanafunzi wanakuja kwa zamu. Kila mmoja ni baba au mama mwenye watoto wenye njaa, na anaruhusiwa kufuta yai moja tu kwa mlo wa jioni. Wanapomaliza zamu ya kwanza mayai yamekwisha na ndege wote 20 bado wapo, wanapendeza, na darasa linaona hakuna lililoharibika. Tunarudia mwaka wa pili, wa tatu. Halafu nawaruhusu wafute na ndege mzima mmoja mmoja, kwa sikukuu. Ubao ukiwa mtupu nauliza nani kawamaliza. Hakuna anayejitokeza, kwa sababu hakuna aliyefuta wengi.

Ushahidi wa mayai kuliwa upo pia Australia. Huko aliishi Genyornis, ndege asiyeruka mwenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Vipande vya maganda ya mayai yake vimeokotwa katika mamia ya sehemu, na vingine vimeungua kwa namna ya pekee: upande mmoja moto mkali umeviunguza, upande wa pili haukuguswa. Moto wa msituni hauunguzi hivyo. Makaa ya kupikia huunguza hivyo. Hayo yalitokea yapata miaka 50,000 iliyopita.

Madagaska mambo yalichangamana zaidi. Baadhi ya waliohamia kisiwani walivuka bahari kutoka visiwa vya Indonesia, wengine walitoka pwani hii yetu ya Afrika. Damu zote mbili zimo kwa Wamalagasi wa leo. Walikuja na mashamba, ng'ombe na moto wa kusafishia malisho. Hali ya hewa nayo ilikuwa ikibadilika sehemu nyingine za kisiwa. Yapata miaka 1,000 iliyopita walikuwa wameondoka, au wako njiani kuondoka, lemuri wakubwa kama sokwe, viboko wadogo wa kisiwa kile na ndege tembo. Imebaki mimea inayoonekana kama ingali inawangoja. Upo mmea uitwao Uncarina, wenye matunda ya kulabu kali zinazonasa kwenye chochote kinachopita, na watafiti wengine wanafikiri kulabu hizo zilikusudiwa miguu ya ndege tembo, ili mbegu zisafiri naye. Siku hizi hunasa zaidi kwato za ng'ombe.

Mara nyingi mtoto mmoja huuliza kama wanaweza kurudishwa. Naam, mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba inajaribu kutengeneza ndege anayefanana na moa kwa njia ya vinasaba. Nawajibu ninavyoamini: ndege huyo akipatikana hatakuwa na baba wa kumwatamia, wala msitu uleule. Ningependa fedha hizo zimlinde kiwi, ambaye bado anatembea.

Na mbuni je, naye atakwisha? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mbuni wa Uarabuni amekwisha. Aliishi kwenye majangwa ya Arabia na Shamu, na katikati ya karne ya 20, bunduki na magari yalipofika jangwani, akamalizwa. Wako wazee walio hai leo waliozaliwa angalipo. Afrika Mashariki tunao mbuni wa aina mbili. Yule wa Serengeti na Maasai Mara, dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya waridi. Wa pili ni mbuni wa Somalia, anayeonekana Samburu na kaskazini mashariki mwa Kenya, shingo na mapaja ya buluu ya kijivu. Tangu 2014 anahesabiwa kuwa aina ya peke yake, na amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Mtoto akipelekwa mbugani, amtazame mbuni dume shingoni kwanza, aandike rangi aliyoiona, na akikuta mayai asiyaguse.